Rovu la Masama

Kwetu Masama, shingo ikivimba tunasema ni rovu, na mgonjwa anaongezewa chumvi. Ndivyo mama mmoja, jirani yangu, alivyomtibu binti yake, anayetumia dawa za VVU, hadi wiki iliyopita nilipowasindikiza hospitali mjini Moshi.

“Huenda ni saratani ya mitoki, zile tezi za kinga,” daktari alisema. “Inatibika, hata ukiwa na VVU. Lakini lazima nikate kinyama kidogo kikapimwe.”

Mama akamshika binti mkono. “Kisu kitaiamsha, mwanangu.”

“Mama, imeshaamka. Mimi ndiye nisiyelala.”

Daktari hakumkemea mtu. Aliweka kalamu chini, akasubiri.

Mwishowe mama akauachia ule mkono. “Haya, nipe mkoba wako.”

Mama wa kwetu hasemi amekubali. Anakupokea mzigo.