Mtani alivyoninyang'anya simu msibani, siku ya mwisho ya kuhamisha taarifa zangu za mpiga kura

Wakuu, poleni na mihangaiko. Shule niliishia la saba, mtanivumilia. Ila hili limenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Nilikuwa nakaa Kwamndolwa, Korogwe. Mama alipougua nikahamia kwake Kang'ata, Handeni, kumuuguza.

Mungu akamchukua.

Kadi yangu ya kura ilikuwa bado ya Korogwe. Nisingehamisha taarifa, diwani wa hapa angechaguliwa bila mimi. Na shida ya maji ya hapa naijua, mama aliyachota mpaka mgongo ukapinda.

Sasa siku ya mwisho ikaangukia kwenye matanga.

Nikajibanza nyuma ya nyumba, nikajaza online. Mtandao unakuja, unaondoka. Mwishowe ikaandika imepokelewa. Nikashukuru, nikajua nimemaliza.

Kugeuka, mtani huyu hapa.

Kwa wasiojua: sisi Wazigua tuna utani na Wanyamwezi, na Korogwe wapo wengi, wajukuu wa wakata mkonge. Msibani mtani hazuiwi. Huyu, Maganga, jirani yangu wa Korogwe aliyekuja kuzika, alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, anachechemea kama yeye.

Akaninyang'anya simu. "Haya! Udongo wangu haujakauka, mwanangu kashaanza kuchati!"

Watu wakaangua kicheko.

"Maganga, nirudishie, nilikuwa najiandikisha."

"Maganga ndiye nani? Niamkie!"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simu haitoki bila jogoo."

Akaanza kusoma skrini kwa sauti ya mama, msiba mzima usikie. Mara akasita.

"We Ramadhani, hapa wanasema ufike kituoni na namba hii, upigwe picha, uchukuliwe alama za vidole. Umefika?"

Wakuu, sikuwa nimefika. Kituo kinafungwa jioni, na mfiwa anaachaje matanga? Mjomba alishakunja uso.

Maganga akamgeukia. "Kaka, aliyekufa ni mimi. Nimemruhusu."

Mjomba alicheka mpaka akajifuta macho.

Tukapanda bodaboda, Maganga nyuma yangu na kanga yake. Kituoni karani akauliza namba. Maganga akaificha simu kifuani: "Jogoo kwanza." Ikabidi niahidi jogoo mbele ya foleni nzima.

Nikakaa nipigwe picha. "Kaka tulia, usicheke," karani akasema.

Sikuweza. Tangu tumzike mama nilikuwa sijacheka wala sijalia sawasawa. Pale nilifanya vyote viwili. Kwenye kadi nimetoka macho mekundu, meno nje. Lakini ni kadi ya Kang'ata.

Nilichojifunza: online inakupunguzia kazi, haikumalizii. Someni mpaka mstari wa mwisho. Wajomba zangu hawana hata simu za kupangusa, walikwenda kituoni kwa miguu mapema na hawakuhangaika hivi.

Nani mwingine alijaza akakaa nyumbani akijua tayari? Semeni tu, aibu yote nimeshaibeba mimi.