Mkamwana Aliyekaa Akitazama

Kwa miaka thelathini Mama Adolphine alibeba ndakala kichwani kutoka ufukweni mwa ziwa hadi soko la Kataki, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwamba beseni ni zito. Samaki hao wadogo, wakiwa wabichi, hulowa maji, na beseni likijaa linaweza kumshinda kijana. Yeye alijitwisha mwenyewe. Alizaliwa milimani, upande wa Moba, akaolewa Kalemie na fundi wa reli, akabaki mjane watoto wake wanne wakiwa bado shuleni, na wote wanne walimaliza masomo. Naandika hayo mapema ili mtu asije akadhani kwamba ninayemsimulia alikuwa mvivu.

Maumivu yalimwanza miaka minne iliyopita, chini ya mgongo upande wa kushoto, kisha yakashuka mguuni mpaka kisigino. Alijikanda kwa maji ya moto na chumvi. Alichanjwa chale. Alimeza vidonge vya sokoni, vikamharibu tumbo. Mwishowe alipigwa picha ya mgongo, na daktari mmoja wa mjini akaeleza kwamba kuna mshipa uliobanwa kati ya pingili, na kwamba asipopata nafuu huenda ikabidi aende Lubumbashi kupasuliwa. Alisema "huenda". Jamaa walisikia neno moja tu, kupasuliwa.

Yeye pia alisikia hilo tu. Mumewe aliingia chumba cha kupasulia akitembea kwa miguu yake, kwa ajili ya ngiri, na hakutoka hai. Kwa hiyo Mama Adolphine alipowaza Lubumbashi, hakuwaza kupona.

Tangu siku hiyo alilazwa kitandani nyumbani. Aliishi na mwanawe wa kwanza, Israël, na mkamwana wake Nadine, mama wa mjukuu wake Jordan. Kwetu mkamwana anayemwacha mama mkwe mgonjwa ashike hata kikombe ni mkamwana aliyeshindwa malezi, na Nadine hakutaka kushindwa. Alimletea maji ya kuoga, alimlisha, alimfulia, alimgeuza kitandani. Mama akinyoosha mkono kuchukua kitu, mkono wa Nadine ulikuwa umeshafika. Majirani walimsifu. Na kadiri walivyomsifu, ndivyo mgonjwa alivyozidi kudhoofika, hata baada ya miezi minane akawa haendi msalani bila kushikwa na watu wawili. Sifa za majirani zimelaza watu wengi katika mji huu, na hakuna anayezihesabu kuwa ugonjwa.

Jamaa walikubaliana kwamba asafirishwe baada ya miezi mitatu. Kabla ya hapo Israël na Nadine walimpeleka kwa Syntiche, msichana aliyesomea kazi ya kunyoosha viungo, ambaye watu wa kituo cha afya humwita kine. Syntiche alimpima kwa muda mrefu. Aliinua mguu, akaukunja, akakwaruza unyayo kwa ufunguo, akauliza mambo ambayo mama mkubwa haulizwi na mtoto. Kisha akasema:

"Mama, kama mguu ungekufa ganzi ao mukojo ungekushinda kuzuia, mimi mwenyewe ningekupeleka kwa kisu leo. Lakini haiko vile. Mugongo wako umelala sana, umesahau kazi. Tutaukumbusha polepole."

Alimpangia kutembea hadi kwenye uzio na kurudi, kila siku hatua chache zaidi. Kulala chali juu ya mkeka na kuinua kiuno. Baadaye kufagia, na mwisho kutwanga. Alipomaliza akamgeukia Nadine. "Wewe dada, dawa yako njo ngumu zaidi. Ukae."

Nadine alicheka. "Nikae? Na majirani?"

"Majirani hawaumwe mugongo."

Wiki ya kwanza Mama Adolphine alilia. Alisema msichana yule ametumwa kummaliza. Syntiche alikuja nyumbani, akamweleza kwamba kuuma si kuvunjika, akapunguza hatua lakini hakuziondoa. Wiki ya tano mama alikwenda msalani peke yake, akarudi akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Mwezi wa pili aliomba fagio.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mireille, jirani wa upande wa juu, alimwona mgonjwa akifagia lupango, yaani ua wote mpaka kwenye lango, huku mkamwana amekaa kwenye kiti cha plastiki. Aliuliza kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, "Nadine, mama mkwe amekuwa boyi wako?" Nadine hakujibu. Hakujibu kwa sababu mama mwenyewe alimkataza kueleza, yeye na Israël pia. Mama Adolphine aliona haya kwamba dawa yake ni fagio. Alijua wanawake wenzake wangecheka, na alihofu zaidi kwamba habari ikifika Moba kwa wifi yake Bertille, matibabu yatasimamishwa na safari itaharakishwa. Basi akanyamaza, naye akapata nafuu, na kila hatua aliyoiongeza ilimpotezea Nadine jina zuri mbele ya watu.

Sitamtetea mama. Woga wa kisu ni kitu cha kweli, lakini haumpi mtu ruhusa ya kujikinga kwa heshima ya mwingine. Sokoni waliacha kumsalimia Nadine. Kwenye kikundi cha akina mama wa parokia mmoja aliomba sala kwa ajili ya wazee wanaoteswa, akimtazama. Nadine alikonda. Alimwambia mumewe kwamba atarudi kwa wazazi wake huko Manono mpaka mambo hayo yaishe, na mama aliyasikia akiwa upande wa pili wa ukuta, na bado hakusema kitu.

Bertille alikuja kwa mashua siku mbili kabla ya siku aliyotegemewa, tayari kumsindikiza mgonjwa Lubumbashi. Ni dada mkubwa wa marehemu mume wa Mama Adolphine, mwanamke mrefu asiyependa kurudia maneno. Aliingia langoni akamkuta Mama Adolphine anatwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, jasho linamtoka, na Nadine amekaa, mikono mapajani. Hakusalimia. Alimnyang'anya mtwangio, akamwita Israël na wazee wawili wa ukoo, na alasiri ile ile wakakaa wote mkekani.

Alisema mengi. Kwamba nyumba ya ndugu yake imegeuka kambi ya watumwa. Kwamba Nadine arudishwe kwao, na wifi yake asafiri wiki ile. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Nadine aliinamisha uso. Ndipo Mama Adolphine akasema, bila kumtazama mtu:

"Wifi, huyu mutoto hana kosa. Mimi njo nilimuambia akae. Mimi njo nilimukataza kusema."

"Ulimukataza kwa nini?"

"Kwa haya. Niliogopa mutanicheka. Nikaacha watu wamutukane kwa mahali pangu."

"Unamufichia kosa lake," Bertille akasema.

Mama Adolphine aliweka kiganja chini, akakunja goti la kulia, akaanza kuinuka. Israël aliruka kumshika, lakini Nadine akamvuta shati. "Acha, baba Jordan," alisema, na ndilo neno pekee alilotoa alasiri ile. Mama alisimama wima. Kisha akachuchumaa, akasimama tena. Mara ya tatu mzee mmoja alianza kucheka, akijifuta macho.

"Hata mimi siwezi vile," Bertille akasema polepole. Akaomba aelezwe tena tangu mwanzo, na safari hii alisikiliza.

Hakuna aliyekwenda Lubumbashi. Syntiche aliitwa, akawaambia jamaa ukweli: si kila mgongo hupona hivi, na huu pia utauma siku nyingine. Umepita mwaka. Siku za baridi mguu humkumbusha, naye hujilaza mkekani na kuinua kiuno mpaka utulie. Ndakala anauza tena, nusu beseni, na hajitwishi. Anawalipa waendesha baiskeli wambebee. Hajapasuliwa, na daktari wa kwanza, alipomwona akiingia kwa miguu yake, alisema haoni sababu.

Lakini kitulizo chake kikubwa, alivyonieleza, hakikuwa hicho. Asubuhi ya kesho yake baada ya kikao alimchukua Nadine, wakaanza kwa Mireille langoni kwake, kisha wakaenda sokoni. Alisimama mbele ya kila mwanamke aliyekuwa amemsema Nadine, meza moja baada ya nyingine, akarudia maneno yale yale: nilimwambia akae, nikamkataza kusema, kosa ni langu. Wengine walicheka, kama alivyoogopa. Alipita kwa wauza samaki, wauza unga, wauza vitenge. Jua lilikuwa limepanda na mguu ulianza kuuma, akakaa kidogo juu ya gunia la mtu.

"Inatosha, Mama," Nadine alimwambia. "Turudi."

"Bado wale wa mafuta," akajibu, akainuka.