Dorine anajifunza kufikiri kwa sauti

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtaa wa Mabanga mjini Goma bado unajinyoosha. Dorine Cikuru amekwisha kunawa uso, amefunga kitenge kiunoni na kufungua kompyuta yake iliyovunjika kona. Mbele yake ameketi baba yake, Papa Bashige, na kikombe cha chai.

"Kuko watu wawili kwenye njia," Dorine anaanza. "Mumoja anatembea polepole, hatua moja-moja. Mwingine anaenda mbio, hatua mbili-mbili..."

Ananyamaza. Macho yameganda kwenye kioo. Papa anagonga meza kwa kidole.

"Sema, mwana wangu. Unafikiri nini sasa hivi?"

Watu hao wawili si watu. Ni zoezi maarufu la waandika programu: una mlolongo wa data, kila kipande kinaonyesha kinachofuata, nawe utambue kama mlolongo una mwisho au unajizungusha. Tuma wawili, mwepesi na wa polepole. Njia ikiwa inazunguka, mwepesi atamkuta mwenzake tu. Kampuni hupenda kuwapima vijana kwa maswali ya namna hii, na Dorine, mwenye miaka ishirini na sita, huyaota.

Mchana anafanya kazi katika duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Programu alijifunza mwenyewe, kwa video alizopakua pale dukani. Mwaka jana kampuni moja ya Nairobi ilimwita kwenye usaili wa video. Swali alilijua. Alikaa kimya, akafikiri mpaka akaridhika, ndipo akajibu, na akajibu sawasawa. Wakamkataa. Walisema hawakuweza kuona anavyofikiri.

"Nililia sana," anasema. "Mimi nilizania kunyamaza njo heshima. Mukubwa anakuuliza, unafikiri kwanza, kisha unajibu mara moja tu. Njo vile nililelewa."

Aliyemlea hivyo ni huyu huyu anayegonga meza. Papa Bashige, mtu wa upande wa Bukavu, alikuwa karani wa parokia hapa Goma, na maneno yake yalikuwa machache kama meno ya kuku. Mkewe alipofariki, Dorine akiwa bado mdogo, walibaki wawili, na nyumba ikazoea ukimya.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Dorine alikuwa samaki aliyekauka kitambo, na aliyemkausha ndiye aliyejitolea kumkunja upya: kila alfajiri humsikiliza akifikiri kwa sauti, na akinyamaza, hugonga meza.

Mwanzoni ilikuwa kituko. Kuta za Mabanga ni mbao, na mbao hazitunzi siri. Jirani yao, Mama Philomène, alisikia asubuhi baada ya asubuhi Dorine akisema kwamba mmoja yuko polepole, mwingine ana mbio, na wawili hao watakutana tu, hakuna namna. Akaja kumwona mzee faraghani.

"Papa Dorine, pardon. Mutoto wako iko na wanaume wawili, na anasema watakutana! Si watauana hapa kwetu?"

Papa Bashige akisimulia hayo hucheka mpaka chai inamwagika. Mama Philomène alieleweshwa, lakini hata leo akikutana na Dorine njiani humuuliza yule wa mbio amefika wapi.

Alhamisi hii kampuni ileile itamsikiliza Dorine tena. Akifaulu, atahamia Nairobi. Maswali hayamtishi sana; kinachomtisha ni kukiri kwamba hajui.

"Neno la nguvu ni 'sijue'," anasema. "Kusema mbele ya wakubwa: hapa sijue, lakini mungoje nijaribu. Papa alinifundisha kama mwenye hajue anyamaze."

Asubuhi hii analisema. Anakwama katikati, anapumua, anakiri kwamba amepotea, anarudi nyuma na kushika njia nyingine, akisimulia kila anachokifanya, hadi anafika. Inafurahisha kumsikia. Papa hajagonga meza tena.

Anapofunga mkoba aende kazini, mzee anamwita.

"Na mimi niseme vile ninafikiri. Naogopa. Ukienda, nitabaki kuongea na nani? Lakini siku ile ujibu muzuri. Nataka uende."

Dorine anaweka mkoba chini. Mpango anao siku nyingi, ila hakuthubutu kuutamka.

"Papa, nikipata ile kazi natafuta nyumba ya vyumba viwili. Kimoja ni chako."

Mzee anatazama chai yake. Anaanza kunyamaza, kama alivyonyamaza maisha yake yote, kisha anajikaza.

"Sijue kama nitazoea," anasema polepole. "Miguu inauma. Kiswahili chao ni cha mbio. Na kaburi ya mama yako, nani ataifagia? Mimi njo nafagiaka kila mwezi. Labda... Mama Philomène. Eee. Yeye alimupendaka. Yeye atafagia."

Anainua macho kwa binti yake.

"Basi, tafuta viwili."