Kibuyu Changu Kwenye Meza ya Mama Keti

Harufu ya mkaa wa mti wa senetwet ukisuguliwa ndani ya kibuyu kikavu bado hunisimamisha. Ni harufu chungu kidogo, kama mvua ya kwanza imeangukia jivu. Juzi nilipita nyuma ya hoteli yangu nikakuta msichana wa jikoni akisugua kibuyu, nikasimama pale kama mtu aliyeitwa. Na mimi sina tabia ya kusimama-simama. Shule niliacha darasa la saba, hoteli mbili nimejenga kwa mikono hii, na hakuna mtu atasema alinisukuma. Lakini kuna jambo moja la utoto wangu sijawahi kumwambia mtu. Leo mtanivumilia.

Tulikaa mtaa wa Langas, mama na mimi peke yetu. Mama alifanya kazi mtaa wa Pioneer, nyumbani kwa Mwamerika mmoja aliyefundisha kule chuoni Chepkoilel. Tulimwita Mama Keti kwa sababu alikuwa na msichana wa rika langu, Keti. Mama Keti alikuwa mtu wa mbio. Asubuhi anatoka na kipande cha mkate mkononi, jioni anasahihisha karatasi mpaka usingizi unamkuta kwenye kochi. Kwa hiyo Keti alilelewa na mama yangu.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Keti alichanwa nywele polepole, mimi nikanyolewa kwa wembe. Keti aliimbiwa nyimbo zetu, zile nilizoimbiwa nikiwa mgongoni. Mama akirudi jioni alisema tu, "Chebet, wacha kelele, nimechoka." Mikono mizuri ilibaki Pioneer, iliyokuja Langas ni ile imechoka. Nilimchukia Keti mpaka soksi zake. Na yeye, Mungu anisamehe, hakuwa amenikosea chochote.

Mwaka huo mama aliniahidi kwamba nikiingia tatu bora shule ikifungwa Novemba, atanifungulia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, changu peke yangu. Mursik si maziwa ya kukata kiu. Hufunguliwa kwa mtu aliyerudi na heshima. Shuleni tulipewa maziwa ya Nyayo, ya pakiti, na tuliyanywa kwa shukrani, lakini pakiti haijui jina lako. Kibuyu kilikaa siku nyingi juu ya kabati, maziwa yakiiva ndani, na kila asubuhi nilikitazama kabla ya kunawa uso.

Nikawa wa pili. Siku ya kufunga ilikuwa Alhamisi. Nilikimbia nyumbani na ripoti mkononi, nikakuta juu ya kabati kuko wazi.

"Mamako amekibeba asubuhi," jirani yetu Mama Otieno akaniambia akianua nguo. "Amekifunga na kitambaa cheupe. Na amevaa rinda ya kanisa! Kwani Pioneer kuna harusi na hatujaalikwa?"

Haikuwa harusi. Ilikuwa ile sikukuu ya Wamerika ya kushukuru, ambayo mama alikuwa ameizungumzia wiki nzima. Nilivua viatu nikaenda mbio.

Nilikuta wameketi. Bata mzinga katikati ya meza, mkubwa kama mtoto wa miezi sita. Karatasi za wanafunzi zilikuwa zimesukumwa pembeni, na Mama Keti bado alikuwa na chaki kwenye mkono wa sweta, maana sikukuu yao kwetu ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Mama yangu alikuwa kwenye kiti, amenyoosha mgongo kama anayengoja kupigwa picha. Mbele yake kilikuwa kibuyu changu, kimefunguliwa. Keti tayari alikuwa na masharubu ya mursik.

"Chebet! Karibu, karibu!" Mama Keti akavuta kiti kingine.

Desturi yao ni kila mtu kusema anashukuru nini. Keti akaanza, kwa Kiswahili alichofundishwa na mama: "Mimi nashukuru Mama Chebet, kwa sababu ananipenda."

Kisu moyoni. Halafu wote wakanigeukia mimi.

"Mimi sina shukrani," nikasema. "Hiyo maziwa ni yangu. Na huyo ni mama yangu. Amekuja hapa kuosha vyombo, hakuja kula."

Mama Keti hakujua Kiswahili kingi, lakini cha vyombo alikijua. Keti akaweka kikombe chini. Mama hakunipiga, hata hakunitazama. Alilainisha rinda yake, akasimama, akaanza kukusanya sahani ambazo hakuna mtu alikuwa amezitumia bado.

"Mama Chebet, kaa. Tafadhali, kaa," Mama Keti akamwita.

"Nitakaa," mama akajibu kutoka jikoni.

Njiani tukirudi alinipa kibuyu. Nilikunywa yaliyobaki yote, nikijiona nimeshinda. Tulipofika kwetu ndipo akasema, "Chako ningetengeneza kingine, mama. Wiki moja tu."

Nilielewa nikiwa mtu mzima, siku nilipoalikwa mara ya kwanza kwa watu wakubwa, nikajikuta nimesimama chumbani nikitafuta kitu cha kubeba. Mkono mtupu haulambwi. Siku ile mama hakuwa ameitwa kupika. Alikuwa amealikwa. Na mgeni wa kwetu haingii nyumba ya mtu mikono mitupu, na nyumbani mwetu hakukuwa na kitu kingine cha heshima isipokuwa kile kibuyu. Hakumpelekea Keti upendo wangu. Alijinunulia kiti mezani, na mimi nikamwinua kutoka hapo.

Mama alifanya kazi pale miaka mingine minne. Kila Novemba Mama Keti aliweka kiti chake mezani, na kila Novemba mama alikula jikoni.