Kaa la Udi kwenye Shali ya Mama

Nilikuwa rakaa ya tatu ya adhuhuri niliposikia harufu ya nywele zinazoungua. Nyumba nzima ilikuwa inanukia udi tangu asubuhi, maana binti yangu alikuwa anaolewa Ijumaa, lakini chini ya udi ule ilikuja harufu nyingine ambayo kila mfumaji anaijua. Sufu ikiungua hunuka kama nywele. Mungu anisamehe, rakaa ya nne sijui nilisoma nini.

Ukumbini nilimkuta wifi yangu, dada wa mume wangu, amechutama mbele ya chetezo. Kwetu hapa Kismayo shangazi wa bibi harusi ndiye anayemfukizia nguo, na hakuna wa kumnyima haki hiyo. Anapindua kikapu juu ya chetezo, anatandaza nguo juu ya kikapu, moshi unapanda mpaka nguo inakolea. Alikuwa amemaliza madera na shuka. Akaingia chumbani kwangu, akaiona shali niliyoilowesha na kuitandaza mkekani, imebanwa kwa pini pande zote ili ikauke imenyooka na matundu yafunguke. Akazing'oa pini. Akaikunja, akaiweka juu ya kikapu kabla makaa hayajatulia, na kaa moja likaruka.

"Ni kichu kidogo, wifi," akaniambia kwa lafudhi ya kwetu huku anapepea moshi kwa mkono. "Shali yenyewe ina matundu tele. Likizidi moya, ni mchu gani taliona?"

Ningefungua kinywa changu, harusi ingevunjika palepale. Lakini nitasema hapa. Matundu ya shali ya lesi hayakutobolewa na panya. Kila tundu linafunguliwa makusudi, kwa kuzungusha uzi kwenye sindano, na ukishalifungua lazima pembeni uunganishe vitanzi viwili viwe kimoja, la sivyo shali inapanuka kama gunia. Ukikosea mahali pamoja tu, majani uliyokuwa ukiyachora yanapinda kuanzia hapo kwenda juu, nawe utafumua huku unajilaani. Mtu anayeona matundu tu, na aende akafukize mapazia.

Tena kaa lake halikuangukia upande nilioufuma mimi. Liliangukia upande wa mama yangu.

Uzi ule mama aliletewa Mombasa, alikokuwa akiishi, na mdogo wake anayeishi Ulaya, sufu nyembamba kama uzi wa cherehani. Mama alicheka, sufu na joto hili? Lakini mjukuu wake alikuwa amechumbiwa na kijana wa kwetu aliyekulia huko huko kwenye baridi, basi akasema atamfumia kitu cha kujifunika. Alifika nusu. Alipofariki, shali ilikuwa bado kwenye sindano. Nikarudi nayo Kismayo, nikaendelea pale alipoachia.

Anayejua kutazama aliuona mpaka wetu. Mama alikuwa anabana uzi, vitanzi vyake vidogo, vimekaza, vyote sawa. Mimi mkono wangu umelegea tangu nilipoanza kushika sindano. Nimejaribu sindano nyembamba zaidi, nimejaribu kuuzungusha uzi kidoleni mara mbili, wapi. "Mkono wako umelala," mama alikuwa akiniambia. Binti yangu alizoea kufumba macho na kupitisha kidole juu ya shali: hapa bibi, hapa mama. Hakuwahi kukosea.

Na watu wote waliomjua mama watakwambia alikuwa mpole. Alizaliwa kisiwani Chula, akakulia kwenye nyavu za baba yake, akaolewa huko, na vita ikamtoa huko akiwa na mimi mgongoni na chungu akikiacha mekoni, ikamfikisha Mombasa. Nyumba yake wanakaa watu wengine. Mgeni akimuuliza habari za nyumba ile, alisema alhamdulillahi, akaendelea kufuma. Sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Nilikaa chini na ile shali. Tundu lilikuwa dogo, ncha ya kidole gumba ingelijaza, lakini vitanzi vya pembeni vilikuwa vimekauka na kukatikakatika kila nilipovigusa. Mama alinifundisha dawa yake, na yeye aliijua kwenye nyavu. Wavu ukiraruka huanzi kuziba. Kwanza unakata. Unalipanua tundu mpaka ufike kwenye fundo zima, kila upande, ndipo unaanza kusuka. Nikachukua mkasi.

"Wafanyani, wifi?" Alisimama. "Waiharibu! Yaache yalivyo!"

Nilikata. Nilichomoa vitanzi vya mama kimoja kimoja, na nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma. Uzi ulitoka umejikunja vilevile alivyouvingirisha yeye, na wifi akanyoosha mkono aukusanye autupe na majivu. Nilimtazama. Akaurudisha mkono wake.

Nilitega sindano kwenye vitanzi vizima vya chini, nikachukua kile kibonge cha uzi alichobakiza mama, nikaanza kupanda safu baada ya safu, kila mwisho wa safu nashika ukingo wa pembeni. Wifi alirudi kwenye chetezo chake, akawa anamweleza kila anayeingia kwamba mimi nina wasiwasi wa bure. Sikuinua kichwa. Kila neno lake nililivuta na uzi. Nilipomaliza kuunga vitanzi vya juu, vidole vilikuwa havikunjuki.

Ijumaa ilipita. Wifi aliwaambia wageni kwamba shali ile tumeifuma nyumbani, na mimi nikatabasamu kwa sababu ya picha. Sijamsamehe, na akinisalimu namuitikia.

Siku ya kufunga mizigo ya safari, binti yangu aliitoa shali na kuiweka mapajani. Alikuwa amesikia habari ya kaa. Akafumba macho, akapitisha kidole upande wa bibi yake, akaenda, akarudi, akaanza tena.

"Sipaoni," akasema. "Mama, ulipafuma wapi? Huku kote ni bibi."

Nikamwambia si kweli, mkono wangu haujawahi kubana namna hiyo. Nikaichukua shali nimwoneshe. Niliijua safu, niliijua jani. Vitanzi vilikuwa vidogo, vimekaza, vyote sawa, na hapakuwa na mpaka. Nikamfikiria mama pale Mombasa miaka yote ile, kichwa kimeinama, anasema alhamdulillahi.

Tulikuwa tukimsifu kwa upole wake. Alikuwa amekasirika kama mimi.