Hatua Mia na Arobaini

Saa tatu na dakika tano asubuhi wakili wetu alitoka ofisini kwake, na mahakama ilikuwa hatua mia na arobaini tu kutoka mlangoni. Nilizihesabu. Hata leo nikinusa wino wa mhuri naliona koti lake jeusi mbele yetu, limesimama.

Alikuwa anagombea ubunge, kwa hiyo hakuweza kumpita mtu mzima bila kumsalimia. Kila mzee alipewa shikamoo, kisha salamu za Kishambaa, kisha habari za ng'ombe, viazi na wakwe.

"Wakili, kesi ni saa tatu na nusu," mama alimkumbusha. Baba alipofariki, baba mdogo alilichukua shamba letu la kabichi bondeni, na mama alikuwa amemshtaki. Hakuthubutu kutangulia kuingia peke yake.

"Mama, hakimu ananijua. Mzee huyu akinuna, ukoo mzima umenuna."

"Basi kamsalimie na shemeji yangu, naye ana kura!"

Tulipofika, karani alikuwa anagonga mhuri. Mama alikuwa ameitwa mara tatu, hakuonekana, kesi imefutwa. Baba mdogo alitupita mlangoni akifunga vifungo vya koti.

"Tutaifungua upya," wakili alisema bila kumtazama mama. Kisha akamgeukia karani, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee."

Kuifungua upya kulimgharimu mama mtamba wake wa pekee, aliyemuuza kwa shilingi elfu sitini.