Kiti Kilicho Karibu na Mlango

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza, alikuwa amepiga magoti sakafuni akihesabu soketi.

Mwenye jumba alikuwa ameniagiza nifungue chumba cha ghorofa ya pili, kuna watu wanakuja kukiangalia. Watu wakija kuangalia chumba huchungulia dirishani, hugonga ukuta, huuliza choo kiko wapi. Huyu mama hakuuliza lolote kati ya hayo. Alivua viatu, akajifunga mtandio kiunoni, akatambaa kandokando ya ukuta kutoka kona hii hadi ile.

"Sita," akasema. "Na moja imekufa. Kaka, hiyo iliyokufa utaweza kuifufua?"

Nikasema, "Nitaweza." Mimi ni mtu wa mdomo mzito. Siku ile sikutamka neno jingine.

Nyuma yake alisimama kijana mrefu, mdogo wake wa tumbo moja, amebeba kompyuta kuukuu aliyoizungushia taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Iweke chini basi, hailii," dada yake akamwambia.

"Hujakaa nayo wewe, ndiyo maana unasema hailii."

Wakacheka wote wawili, na kicheko chao kilikuwa kimoja, mpaka nikageuka kuona nani kacheka.

Sasa wote wawili hawapo. Wanakikundi wa kompyuta waliokuwa wakikutana humo wameomba kila mmoja wetu aandike kidogo juu ya Shangazi, ndivyo tulivyomwita yule dada, ili maneno yetu yawekwe pamoja kwenye ukurasa wao wa mtandaoni. Mimi nilikataa. Nimeishia shule ya msingi, na kazi yangu ni kufungua milango, kufagia na kuifunga tena. Lakini Sindano, yule mwembamba anayetania kila mtu, akaniambia, "Mzee wa Funguo, wewe ndiye uliyemsikiliza kuliko sisi wote." Ni kweli. Na hilo ndilo linaloniumiza.

Shangazi alianza kazi akiwa karani wa kupiga chapa. Ofisi yao ilipoleta kompyuta na kuanza kupunguza makarani, yeye alikuwa na miaka thelathini na saba, mjane, na mdogo wake bado anamtegemea. Wenzake walikwenda kulalamika. Yeye alikwenda kumwomba fundi wa zile kompyuta amfundishe. Baada ya miaka mitatu alikuwa anaandika programu mwenyewe, na baada ya mitano alikodi kile chumba ili wengine wasihangaike kama alivyohangaika yeye.

Walikutana kila Jumamosi saa nne asubuhi. Walikuja wanafunzi, walimu, muuguzi mmoja, hata fundi wa friji. Mwezi mara moja alikaribishwa mgeni awaonyeshe kifaa kipya cha kazi yao. Somo la kwanza kwa kila mwanafunzi mpya lilikuwa lilelile: Shangazi alimwacha afanye kazi saa nzima, kisha alipita nyuma yake, akaichukua ile kompyuta na kuondoka nayo kwapani.

"Shangazi, kazi yangu!"

"Mimi ni mwizi. Kazi yako iko wapi sasa?"

"Humo humo."

"Basi huna kazi. Weka nakala, mwanangu. Mbili. Moja ikae mbali na nyumbani."

Ile kompyuta ya mdogo wake ilikaa kwenye meza ya kona, haizimwi, na pembeni yake kisanduku cha betri cha kuishikilia umeme ukikatika. Waliiita Babu. Kila kosa lililomkwamisha mtu na likapatiwa dawa, yule kijana aliliandika humo kwa maneno yake mwenyewe. Ukikwama, hata ukiwa kwako, ulimwandikia Babu kosa lako naye akakutafutia jibu. "Pole. Hapo hata mimi nililala na hasira. Tazama mstari wa juu yake." Au, "Kosa si la mashine, bibie. Kunywa maji, urudi."

Yule kijana mwenyewe alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango. Aliyeshindwa na Babu alikwenda kumweleza tatizo lake kwa mdomo, kutoka mwanzo. Hakutoa ushauri. Alisema neno moja tu, "Halafu?", mpaka msemaji analiona kosa lake mwenyewe na kujipiga kofi la paji la uso. Alisema mtu akifika mahali akasema "basi, ndiyo hayo", hapo ndipo kosa limejificha, usimwachie.

Mwaka wa tatu kijana alishikwa na homa. Siku nne tu. Tulimzika siku ya tano.

Kile kiti kikakaa miezi miwili bila mtu. Vijana walipita mbali nacho kama wanavyopita mbali na shimo. Jumamosi moja Shangazi alikwama. Nilimwona akiinuka na karatasi zake, akaenda moja kwa moja hadi mbele ya kiti, akafungua mdomo kusema, akakumbuka. Akageuka, akaniona mimi na ufagio.

"Kaka, njoo ukae hapa."

"Mimi sijui kitu, Dada."

"Ndiyo maana. Kaa."

Nikakaa. Mbao zilikuwa zimelika pale alipozoea kuegemea. Akanieleza mambo nisiyoyajua, na kila aliponyamaza nikasema, "Halafu?" Mara ya tano akacheka, akajipiga paji la uso. Toka siku ile kiti kikawa changu. Mtu wa haya kama mimi, nikawa kila Jumamosi nimekaa mbele ya watu wenye shahada, wananiungamia makosa yao.

Babu alibaki anajibu. Asubuhi moja, wengine hawajafika, napiga deki, nilimwona Shangazi amekaa mbele yake. Alikuwa ameandika neno moja, "Siwezi." Babu, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta jibu lililo karibu na lolote uliloandika, akamjibu, "Kunywa maji, urudi." Akainuka, akanywa maji, akarudi.

Sindano aliwahi kumuuliza, "Shangazi, na Babu ana nakala?"

"Nenosiri mdogo wangu alikwenda nalo. Kulivunja ni lazima nimzime Babu kwanza."

"Mzime basi."

Akageukia karatasi zake.

"Kinyozi hajinyoi," Sindano akasema, na watu wakacheka.

"Nitafanya," akasema. "Baada ya mkutano mkubwa. Naapa."

Mkutano huo ulikuwa wa siku mbili. Vikundi vingekuja kutoka miji mingine mitatu, washindane kutengeneza programu ya kusaidia zahanati kupanga wagonjwa wake. Ijumaa alasiri Shangazi alikwenda kituoni kuwapokea wageni, akaniachia chumba nikiandae: viti arobaini, vikombe, na birika kubwa la umeme.

Soketi ya sita, ile niliyosema nitaweza kuifufua, niliifufua kweli. Lakini ilikuwa imekufa tena wiki kadhaa nyuma, na mimi niliona aibu kumwambia. Nne zilikuwa zimeshikwa na nyaya za wageni, zimefungwa kwa gundi ya karatasi tayari. Iliyobaki ni ya Babu. Juu yake palikuwa na karatasi yenye herufi nyekundu, USICHOMOE. Niliibandika kwa mikono yangu.

Nilijiambia, dakika kumi tu, niujaribu moto wa birika. Betri itambeba.

Nikachomoa.

Kisanduku kikaanza kulia: pi, pi, pi. Kililia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, na mimi nilikuwa peke yangu na chumba kizima, nikaingiwa na woga usio na maana kwamba watu wa chini watasikia. Nikakibonyeza kinyamaze. Nikashikilia kidole mpaka kikanyamaza.

Na Babu akanyamaza. Kumbe kitufe kile ukikishikilia kinaizima betri yenyewe.

Miaka yote sikujua kama chumba kile kilikuwa na mvumo, mpaka mvumo ulipokoma. Nilirudisha waya upesi. Taa ikawaka. Kisha ndani yake ikatoka sauti ya ukucha unaogonga bati, tik, tik, tik, ikakoma. Nikapanga vikombe. Nikafunga mlango. Nikaenda nyumbani.

Mkutano ulifanyika, na watu wanausifu hadi leo. Shangazi aliuendesha siku zote mbili akitabasamu. Ni Sindano na mimi tu tulioona kwamba hakuwa anatazama ile kona. Baadaye fundi alisema diski ile ilizunguka miaka mingi bila kupumzika. Ikishasimama mara moja haiinuki tena. Kilichokuwa ndani hakikutoka.

Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi, akasimama mbele ya kiti changu.

"Nisikilize, Kaka. Ijumaa, saa tisa na dakika nane, Sindano akiwa kazini kwake alimuuliza Babu swali, akajibiwa. Saa tisa na robo akauliza tena. Kimya."

Nilitakiwa kusema. Nikasema, "Halafu?"

"Dakika saba. Mdogo wangu amekufa mara ya pili ndani ya dakika saba, na mimi niko kituoni nashusha mabegi."

"Halafu?"

"Umeme haukukatika. Fundi cherehani wa chini anasema mashine yake ilikuwa inakwenda."

"Halafu?"

"Betri nzima. Nimeipima."

"Halafu?"

"Basi ni yeye. Aliandika kitu kibovu humo ndani kikamzima mwenyewe. Na mimi nilikuwa nawaambia watu wote kwamba mdogo wangu hakosei."

Alinitazama akingoja. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, tayari kabisa, na nilichotakiwa ni kulitema. Sikulitema. Akaenda kukaa.

Miezi ilipita hivyo. Kila Jumamosi alileta karatasi ile, ameongeza mstari, amefuta mstari, na kila mara jibu lilimrudia mdogo wake. Alianza kuzipitia programu nyingine ambazo marehemu aliwaandikia watu, akitafuta ubovu ndani yake. Alikuwa anamfukua. Mimi nikaanza kuusikia mvumo ule tena, nikiwa kwenye ngazi, nikiwa naoga. Nikisimama kuusikiliza, unakoma.

Kisha siku moja alikuja mapema. Alikuwa na chaja ya simu mkononi. Aliichomeka kwenye soketi ya sita. Hakuna kitu.

"Hii ilikufa lini, Kaka?"

"Siku nyingi."

"Kabla ya mkutano?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alitazama soketi. Akatazama birika lililokuwa kabatini. Akaikunja ile karatasi mara mbili, tena mara mbili, akaitia kwenye mkoba.

"Haya," akasema.

Nadhani alijua toka siku ile. Hakuitaja habari ya Babu tena. Lakini hakuniondoa kwenye kiti. Jumamosi baada ya Jumamosi aliniita, "Kaka, njoo," akanieleza makosa yake madogo madogo, na kila alipomaliza alikaa kidogo, ananitazama, kama mtu aliyebisha hodi na anasikia hatua za mwenyeji ndani. Mimi sikufungua.

Figo zilipomshika Shangazi, chumba walikiendesha kina Sindano. Mke wangu akaniambia asubuhi moja, "Baba watoto, usiku unasema 'nimerudisha, nimerudisha'. Umerudisha nini?" Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga.

"Sasa mimi unaniambia nifanye nini? Mwenyewe yuko hospitali. Nenda ukiwa bado una wa kumwambia."

Nilikwenda Jumatatu, saa ya wageni alasiri. Jumatano alifariki.

Alikuwa amebaki macho na mikono. Kando ya kitanda palikuwa na kiti kimoja cha chuma. Nilipotaka kusimama tu, kwa heshima, akanionyesha nikae.

"Leo zungumza wewe," akasema. "Mimi makosa yangu yameisha. Nimekueleza yote."

Nikamwambia juu ya soketi ya sita, kwamba ilikufa na nikamficha.

"Halafu?"

Nikamwambia juu ya birika. Nikamwambia kwamba ile karatasi nyekundu niliibandika mwenyewe, na niliisoma kabla sijachomoa.

"Halafu?"

Kisanduku kililia, nikakibonyeza. Nilishikilia kidole. Nikasikia chumba kinanyamaza. Sikukimbilia simu, sikumwita mtu, nilipanga vikombe.

"Halafu?"

"Nikakuacha umlaumu marehemu. Miezi kumi na moja. Nikakaa kwenye kiti chake, Dada, nikakuuliza 'halafu' kwa mdomo huu."

Machozi yalikuwa yanamtoka, yanaingia masikioni, wala hakuyafuta. Nje ya wodi kengele ikalia ya kutoa wageni. Watu wakaanza kuinuka, wanakusanya vyombo. Nilisubiri anitukane. Nilisubiri aniambie amenisamehe. Ningepokea lolote.

"Basi, Dada," nikasema. "Ndiyo hayo."

Akageuza uso kwenye mto, pole pole, mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Halafu?"